Mwezi unapofunga ziwa

*Kila mwezi unapopevuka, taa za wavuvi huzimika kaskazini mwa Ziwa Tanganyika na samaki waitwao ndagala huadimika sokoni. Siku hizo hizo pwani ya Uvira hujaa watoto, kwaya na watu wanaotazama mashariki. Makala haya yanaangalia wiki hiyo: nani anaifurahia, nani inamuumiza, na nini kinaweza kupotea.*

Kalundu, bandari ya Uvira, jioni. Mitumbwi imevutwa hadi mchangani, miwili miwili, miti inayoiunganisha ikiwa bado imekazwa kamba. Nyavu zimetandazwa juu yake na zinashonwa. Jioni nyingine saa hii pwani huwa na pilikapilika: vijana wanabeba betri na taa, nahodha anahesabu watu wake, mtu anauliza mafuta ya mota yako wapi. Usiku wa mwezi mpevu hakuna anayeharakisha. Mwenye sindano anashona huku akipiga soga, na aliyemaliza anakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, uso ameuelekeza Burundi.

Sokoni mambo ni mengine. Akina mama wanaouza ndagala wamepanga mafungu madogo kuliko ya juma lililopita, na mengi ni ya ndagala wakavu. Mteja akilalamika, haelezwi sana. Anaonyeshwa juu.

Kisha jua linazama nyuma ya milima ya Mitumba, mji unaingia kivulini, na upande wa pili wa maji kitu kikubwa chenye rangi ya machungwa kinaanza kutoka nyuma ya milima ya Burundi.

Mlima nyuma, maji mbele

Uvira ilibahatika kwa mahali ilipokaa. Magharibi, milima inapanda ghafla kutoka kwenye nyumba za mwisho za mji. Mashariki ni ziwa, na ng'ambo yake, kilomita zipatazo 25, ni Bujumbura. Kwa sababu ya milima hiyo jua hutupotea mapema, wakati mawingu ya upande wa Burundi bado yana rangi. Mwezi mpevu, ambao huchomoza karibu na saa kumi na mbili jioni, unatukuta tayari tumo kivulini, tumeukabili uso kwa uso, na katikati hakuna kitu ila maji.

Bujumbura inasifiwa kwa machweo yake, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Wastahili sifa hiyo. Lakini mwezi kwao hutokea nyuma ya mji, juu ya mabati na nyaya za umeme, ilhali kwetu hutokea juu ya ziwa lenye urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, ambalo duniani linazidiwa kina na Baikal peke yake. Kwa baraza la kutazamia mwezi, sisi tumepata fungu bora.

Mahali unapochomoza hubadilika kwa majira, na mwenye kuzoea pwani hujua pa kutazama. Desemba na Januari hutokea kaskazini-mashariki, upande wa Gatumba na bonde la Ruzizi. Machi na Septemba hutokea mashariki hasa, juu ya taa za Bujumbura. Juni na Julai husogea kusini-mashariki, kwenye maji mapana. Sababu ni kwamba mwezi mpevu daima hukaa mkabala na jua: jua likiwa limeenda kaskazini, mwezi hushika kusini.

Miezi ya kiangazi ndiyo bora, kwa kuwa mawingu ya mvua yameondoka. Hata hivyo kuna moshi wa nyasi zinazochomwa milimani, na vumbi, na hivyo mwezi hutoka mwekundu, ukapauka kadiri unavyopanda. Unavyoonekana mkubwa sana unapochomoza ni macho tu yanayodanganyika. Nyosha mkono, uufunike kwa kidole cha mwisho. Saa sita usiku ukiwa utosini rudia tena. Kidole kile kile kinautosha.

Yale madoa meusi usoni mwake ni nyanda za mawe yaliyoyeyuka zamani yakaganda. Kwenye mojawapo, inayoitwa Bahari ya Utulivu, chombo cha Apollo 11 kilitua tarehe 20 Julai 1969. (Wavuvi wa Burundi nao wana vyombo wanavyoviita Apollo: mitumbwi pacha mikubwa yenye nyavu pana. Mwezi ukipevuka, navyo hulala pwani.) Mwenye darubini asisubiri usiku wa mwezi mpevu ili kuona mashimo yake. Aangalie juma moja kabla, mwezi ukiwa nusu, wakati vivuli ni virefu na kila ukingo unaonekana. Usiku wa mwezi kamili ni wa macho matupu, na ni wa watu wengi pamoja.

Kwa nini ndagala hawaji

Uvuvi wa kaskazini mwa Tanganyika ni kazi ya giza. Taa huning'inizwa juu ya maji. Wadudu wadogo wa ziwani hupanda kuifuata. Ndagala na lumbu huwafuata wadudu. Mukeke huwafuata ndagala. Wavu unakuwa umeshushwa chini yao wote. Nahodha anangoja, anaamuru taa zipunguzwe au zisogezwe, na wavu unainuliwa taratibu.

Ujanja huu unategemea jambo moja: taa iwe ndiyo mwanga pekee. Mwezi mpevu unapomwaga nuru juu ya ziwa zima, taa hupoteza mvuto. Wadudu hubaki vilindini, ndagala hutawanyika, na wavu hupanda ukiwa mtupu. Tofauti si ndogo, kwa sababu mwezi kamili hung'aa karibu mara kumi ya mwezi nusu.

> Mwezi ukikua, wavuvi wanangoja utue. Ukipungua, wanawahi kabla haujachomoza. Katikati hapo, karibu juma zima, giza halipo.

Ndiyo maana mvuvi wa hapa anaujua mwezi kuliko mtu mwingine yeyote mjini. Ukiwa unakua, hungoja utue ndipo aanze kazi usiku wa manane. Ukiwa unapungua, huwahi jioni kabla haujachomoza. Mwalimu wa elimu ya anga angehitaji ubao na mchoro kueleza jambo hili, na kijana wa miaka kumi na mitano wa Kalundu amelikariri kwa kukesha.

Zana zimebadilika mara kadhaa, kanuni ikabaki. Mababu waliwasha moto wa kuni kwenye omo ya mtumbwi na kuchota samaki kwa lusenga, wavu wenye mdomo wa duara na mpini mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wagiriki waliokaa Usumbura, Bujumbura ya leo, walileta nyavu kubwa za kuzungusha, na taa za karabai zikaenea. Ikaja mitumbwi miwili iliyounganishwa, yenye wavu wa kuinua katikati. Siku hizi karabai zimeachia nafasi balbu za LED zinazotumia betri. Mwezi umezishinda zote.

Juma la mfuko mtupu

Mtu asiyetegemea ziwa anaweza kuyasifia haya kwa moyo mwepesi. Mvuvi analipwa kwa mgawo wa alichokamata, kwa hiyo bila samaki hakuna mgawo. Mama anayenunua pwani asubuhi, akaanika, akauza sokoni mchana, anakaa siku kadhaa bila mtaji kuzunguka. Madeni ya juma hilo hulipwa juma linalofuata, na mara nyingi hayaishi. Ada ya shule haingoji mwezi upungue.

Juu ya mapumziko hayo ya kila mwezi sasa kumeongezwa mengine. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia saini mwaka 2003 mkataba wa kulisimamia kwa pamoja, na zina chombo chao, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, chenye makao Bujumbura. Mwaka 2021 zilikubaliana juu ya hatua za pamoja za uvuvi, na kutokana nazo kukaja utaratibu wa kufunga ziwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Tanzania ilifunga upande wake kwa mara ya kwanza mwaka 2024.

Wataalamu wana sababu, na sababu hizo kwa sehemu zinatoka hapa hapa. Kituo cha utafiti wa viumbe wa majini cha Uvira, kinachojulikana kwa kifupi CRH, kimelipima ziwa hili kwa miongo mingi. Maji ya juu yamepata joto, na maji yenye joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba. Utafiti uliotangazwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba uwezo wa ziwa kuzalisha chakula cha samaki ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Ongeza nyavu za macho madogo, ongeza idadi ya watu. Ndagala, samaki ambaye maisha yake ni ya mwaka mmoja na kitu, haachiwi nafasi ya kuzaa.

Mvuvi naye ana swali ambalo halistahili kupuuzwa. Kama mwezi unanifungia juma moja katika kila manne, robo ya mwaka mzima tayari nimepumzika. Kwa nini niongezewe miezi mitatu?

Swali hili lina uzito, ingawa halimalizi shauri. Mapumziko ya mwezi yanagawanyika sawasawa mwaka mzima, hayachagui msimu wa kuzaliana. Yanawapa samaki siku chache za kupumua, kisha taa zinarudi. Miezi mitatu mfululizo inawapa vifaranga muda wa kukua. Hayo ni manufaa mawili tofauti, na moja haliwezi kufanya kazi ya lingine.

Lakini serikali zikikaa mezani zihesabu kwa haki. Kati ya 15 Mei na 15 Agosti mna takriban wiki kumi na tatu, na ndani yake miezi mipevu mitatu, ambayo mvuvi asingevua hata kama ziwa lingekuwa wazi. Anachonyang'anywa kwa sheria ni wiki kumi za giza. Wiki kumi hizo zina bei: unga, dawa, ada. Kumfungia mtu ziwa bila kumpa njia nyingine ya kula ni kumtuma akavue kwa kujificha, usiku, bila taa na bila usalama. Nimeona mijadala mingi juu ya samaki wanaotakiwa kulindwa. Mijadala juu ya chakula cha watu katika wiki hizo kumi ni michache mno.

Kuna hatari nyingine inayokuja polepole. Taa za LED ni rahisi na zinazidi kuwa kali, na kila mwaka kuna anayejaribu kusogeza kazi karibu zaidi na siku za mwezi kamili. Nalipinga hilo waziwazi. Juma la mwezi ni pumziko la zamani kuliko mkataba wowote, halihitaji askari wala faini, na linamfikia samaki na mvuvi kwa pamoja. Tusishindane nalo kwa betri.

Mtaa bila SNEL

Umeme wa Uvira, wa shirika la SNEL, unatoka mto Ruzizi, kwenye mabwawa yaliyo karibu na Bukavu, na unakatika mara nyingi mno. Usiku wa giza kukatika huko kunamaanisha mlango kufungwa mapema. Usiku wa mwezi mpevu ni habari nyingine. Vichochoro vya Mulongwe na Kasenga vinaonekana hadi mwisho. Watoto wanacheza kujificha, na mchezo ni mgumu zaidi kwa sababu kivuli cha mtu kinamsaliti. Wasichana wanaruka kamba na kupiga makofi kwa nyimbo ambazo hakuna mwalimu aliyezifundisha. Dada mkubwa alimfunza mdogo, basi. Mabibi wanaosimulia hadithi wanakaa nje, na wanaosikiliza hawaogopi kurudi nyumbani.

Kwaya nazo hutoka nje. Huu ni mji wa kwaya. Takriban kila kanisa lina yake, na makubwa yana zaidi ya moja. Mazoezi yanayofanyika ndani kwa mshumaa mmoja huhamia uwanjani, sauti ya nne inapata nafasi ya kupumua, na jirani ambaye hajawahi kuingia kanisani humo anaujua wimbo kabla ya Jumapili.

Kwa Waislamu wa Uvira siku hizi zina heshima ya pekee. Tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu huitwa siku nyeupe, kwa sababu usiku wake una nuru toka jioni hadi alfajiri, na kufunga katika siku hizo ni sunna. Uislamu ulifika mwambao huu katika karne ya kumi na tisa pamoja na misafara ya biashara iliyopita Ujiji, misafara iliyobeba pembe na, kwa uchungu mkubwa, watumwa. Kiswahili kilikuja kwa njia hiyo hiyo. Leo ndicho kinachowaunganisha Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Wanyamulenge na wageni wote wa pwani hii wanapokaa pamoja chini ya mwezi mmoja.

Kwa lugha hiyo tungeweza kufanya makubwa kuliko tunavyofanya. Washairi wa Lamu na Mombasa waliuimba mwezi kwa karne nyingi, lakini mwezi wao ni wa bahari, wa kujaa na kupwa, wa majahazi. Mwezi wa Tanganyika hauna kupwa wala kujaa kwa kuonekana. Una milima pande mbili, una nyavu zilizoanikwa, una ndagala waliogoma. Mwezi huu bado haujapata diwani yake. Shule za Uvira zina walimu wa lugha wanaoweza kuwafundisha watoto mizani na vina, na redio za mji zina vipindi vya jioni vyenye nafasi. Ubeti ufuatao niliutunga kwa ajili ya ukurasa huu, ili mwenye uwezo zaidi aupite:

*Mwezi watoka ziwani, mitumbwi yote yalala,*
*Karabai ziko ndani, hapana leo ndagala,*
*Watoto wajaa pwani, mama awaita kula,*
*Usiku huu wa shani, Uvira hatutalala.*

Pwani inayopungua

Starehe hii inahitaji mahali, na mahali panapungua. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Miaka hiyo hiyo ziwa lenyewe lilianza kupanda, na mwaka 2024 lilirudia tena, likameza fukwe, barabara na nyumba za pande zote mbili, Uvira na Bujumbura. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga ulioko Kalemie, mbali huko kusini. Mvua ikizidi, ziwa halina haraka ya kushuka. Sehemu ambazo watu walikaa kutazama mwezi miaka kumi iliyopita sasa zina maji ya kiunoni, au zina kuta za watu waliojenga upya palipobaki.

Hatari za kale zipo pia. Viboko hupanda nchi kavu usiku kula majani, na karibu na mlango wa Ruzizi kuna mamba. Anayekwenda pwani na watoto aende mahali penye watu, akae mbali na magugu.

> Vita vimeufupisha usiku wa Uvira kuliko mawingu yoyote.

Kubwa kuliko yote ni usalama. Vita vimekuwa vikiufupisha usiku wa mji huu tangu 1996. Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Waliokaa huko waliuona mwezi kwa upande wa pili: alfajiri, ukizama juu ya milima ya kwao. Mtu anayesikia risasi hatoki uani kutazama anga, na mama hawaachi watoto wacheze hadi saa tatu. Anayetaka kujua kama amani imerudi Uvira asihesabu hotuba. Aende Mulongwe usiku wa mwezi mpevu, ahesabu watoto.

Usiku wa kupatwa

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, mji ukiwa katika siku za misukosuko, mwezi mpevu ulichomoza upande wa Bujumbura, na muda mfupi baadaye, karibu saa kumi na mbili na nusu, kivuli cha dunia kikaanza kuuingia. Kuanzia saa moja na nusu ulikuwa umefunikwa wote, na ukakaa hivyo dakika 82. Kwa pwani yetu kupatwa huko kulianza na kuisha mwezi ukiwa juu ya upeo wa ziwa, bahati isiyopatikana mara nyingi.

Mwezi unaopatwa hauzimiki. Huwa mwekundu wa shaba. Mwanga wa jua unaopenya pembeni mwa dunia hupinda katika hewa yetu, ile rangi ya buluu ikatawanyika njiani, nyekundu ikafika. Ni mwanga wa machweo na mapambazuko yote ya dunia kwa wakati mmoja. Tofauti na jua, mwezi unaopatwa hauhitaji miwani wala tahadhari yoyote ya macho.

Kupatwa kwingine kunakuja alfajiri ya tarehe 28 Agosti 2026. Kivuli kitaanza karibu saa kumi na nusu, na kilele chake, sehemu kubwa ya mwezi ikiwa imefunikwa, ni karibu saa kumi na mbili na robo. Kwa Uvira kuna kikwazo: kabla ya saa hiyo mwezi utakuwa unatua magharibi, na milima ya Mitumba itauficha mapema zaidi. Anayetaka kuufuatilia aondoke penye mlima, asogee hadi ukingoni mwa maji, au aombe nafasi kwenye mtumbwi. Watakaouona muda mrefu zaidi ni ndugu zetu wa Bujumbura.

Zamu yetu ni tarehe 31 Desemba 2028. Jioni hiyo mwezi utachomoza upande wa Gatumba ukiwa tayari umefunikwa karibu wote, na utabaki mwekundu hadi karibu saa moja na nusu usiku. Itakuwa mvua za Desemba, kwa hiyo mawingu yanaweza kutunyima. Yasipotunyima, mitumbwi itakuwa pwani, wavuvi watakuwa nchi kavu, na kwaya zote za mji zitakuwa zimekusanyika kwa mkesha wa mwaka mpya. Viongozi wa kwaya wana muda wa kutosha kujiandaa. Ombi langu kwao ni moja: wimbo wa kwanza wa mkesha uimbwe nje, saa kumi na mbili na nusu jioni, waimbaji wakiwa wameelekea Burundi.